Vitabu Tulivyosoma Tangu Mvua Kuanza

Wengine wenu mmekuwa mkiniuliza, kwa barua na kwa mdomo tukutanapo sokoni Kitale, mtu mwenye ng'ombe wanne wa kukamua na ekari tano za mahindi apata wapi nafasi ya kusoma hadithi ndefu. Ndugu mmoja aliandika kwa ukali kidogo kwamba riwaya ni kazi ya watu waliokosa kazi, na kwamba mkulima yamtosha kusoma maandishi yaliyo juu ya mfuko wa mbolea. Sikukasirika. Maandishi ya mfuko wa mbolea huyasoma kila mwaka, nami naweza kumhakikishia ndugu huyu kwamba hayana mwisho mzuri.

Nafasi naipata hivi. Ng'ombe hukamuliwa mara ya pili saa kumi na moja jioni. Maziwa yakisha kupelekwa njiani kwa mchukuzi, na kuku wakisha kufungiwa, huwa ni saa moja ya usiku. Hapo mama watoto huketi jikoni akichambua maharagwe au akipukuchua mahindi, nami huketi karibu na ile taa ya nguvu za jua nikasoma kwa sauti. Macho yake yamepungua nguvu miaka hii ya karibuni. Kwa hiyo mimi ndimi macho, naye ndiye hakimu. Nikisoma mbio hunikataza, na nikiruka ukurasa wenye maneno magumu hutambua mara moja, kwa maana mtu wa hadithi huwa amefika mahali ambapo hakuonekana kwenda.

Tangu mvua za Machi tumemaliza riwaya nne, na leo nataka kuzitolea maoni, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Walakini yapasa niwaonye mapema kwamba safari hii vitabu viliingia katika mambo ya nyumba yangu, na siwezi kuvieleza pasipo kueleza na mambo hayo.

Cha kwanza kilikuwa Utubora Mkulima. Nilikinunua mara ya pili, kwa sababu nakala yangu ya kwanza iliazimwa, nami sikukumbuka na nani. Mambo ya kuazima vitabu yananiudhi sana. Marehemu baba yangu, aliyekuwa kibarua katika shamba la mzungu na ambaye alijifundisha kusoma, alikuwa akiletewa vitabu kwa posta na East African Literature Bureau, lile shirika la vitabu lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948. Kitabu kilifika, kikasomwa, kikafungwa tena kwa kamba ile ile kikarudishwa. Baba alikuwa akiogopa kuchelewesha kitabu kuliko alivyomwogopa chui. Watu wa siku hizi hawana hofu hiyo.

Mwandishi wa Utubora Mkulima, marehemu Shaaban Robert wa Tanga, hahitaji kujulishwa kwenu. Lakini jambo moja lafaa likumbukwe na wasomaji wetu walio makarani, nalo ni kwamba yeye pia alikuwa karani. Aliingia kazi ya serikali ya Tanganyika mwaka 1926 katika idara ya forodha, akatumika baadaye katika idara ya wanyama, katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtu wa mshahara mwenye kazi ya mezani mchana kutwa. Alifariki mwaka 1962, na kitabu hiki kilichapishwa mwaka 1968, mwenyewe hayupo tena kukiona.

Hadithi yenyewe ni ya kijana Utubora, mwenye kazi njema kwa tajiri mmoja mjini. Aiacha kazi hiyo kwa hiari yake, pasipo kufukuzwa wala ugomvi, akaenda Busutamu kulima kwa mikono yake mwenyewe. Kiswahili chake ni kama ubao uliopigwa randa na fundi hodari: mkono wapita juu yake wala haukwami. Mara kadhaa mama watoto aliniomba nirudie maneno, si kwa kuwa hakuyasikia, bali kwa kuwa aliyapenda.

Ila nina neno na mwandishi. Mimi nilikuwa karani miaka 31 kabla ya kushika jembe, nami naona kwamba kitabu hiki kiliandikwa na karani aliyeliona shamba kwa kupitia dirishani. Jasho limo, sikatai. Lakini nilivyokisoma mimi, sikuona mahali ambapo Utubora aketi usiku na daftari, akajumlisha mbegu na mbolea na ujira wa vibarua, akaona kwamba gunia limemgharimu zaidi ya bei yake. Mwaka 2017 viwavijeshi vya aina ngeni, ambavyo asili yao ni bara la Marekani, viliingia Kenya, na sehemu zetu hizi za magharibi zikawa miongoni mwa zilizoonja kwanza. Mimi nilisimama katikati ya mahindi yangu nikisikia yakitafunwa. Busutamu hakuna sauti hiyo.

Nilimweleza mama watoto hayo, nikidhani atakubali. Hakukubali. Alisema, "Kitabu hiki hakikuandikwa kumfundisha mtu bei ya mahindi. Kiliandikwa ili kijana aliyesoma asione haya kushika jembe. Wewe ulipoleta jembe hapa siku ya kwanza, ulilibeba ndani ya gunia ili watu wasilione." Kweli nilifanya hivyo.

Basi tulikuwa tungali katika Utubora Mkulima wakati kitinda mimba wetu aliponipigia simu kutoka Nairobi. Kijana huyu ni karani katika kampuni moja ya mjini. Mshahara wake si mbaya kuutaja, bali kodi ya nyumba na nauli huula mpaka tarehe ishirini, kisha mwenyewe huishi kwa kukopa. Aliniambia, "Baba, mwezi ujao naandika barua ya kuacha kazi. Narudi nyumbani kulima." Nikamwuliza ni nani aliyemtia wazo hilo. Akacheka, akasema, "Ni wewe. Kitabu chako cha Utubora ninacho hapa mwaka wa tatu sasa."

Kumbe mwazimaji ndiye huyo.

Nakiri kwamba nilifurahi sana. Ni baba gani asiyefurahi mwanawe atakapo kurudi, wakati watoto wa majirani wote wanaondoka? Wala sikufikiri kitambo. Nikamwambia kwamba kiko kile kipande cha ekari tatu kando ya mto, chenye udongo mweusi na maji karibu, kinachofaa kabeji na nyanya kwa pampu ndogo. "Hicho chakungoja," nikasema. Tukaagana kwa furaha, nami nikaendelea kusoma mpaka mwisho, na mahali pale ambapo hapo kwanza nilimlaumu mwandishi, sasa nikawa namsifu.

Kitabu cha pili sitakaa nacho sana, ijapokuwa kilitupa starehe kuliko vyote. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla wa Unguja, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya miaka ya 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi asiye askari, atafutaye ni nani aliyemwua Bwana Ali. Watu wengine husema hadithi za upelelezi hazina faida. Mimi naona faida yake ni kumfanya msomaji atazame vitu vilivyo mbele ya macho yake. Ilitokea wakati ule ule kwamba maziwa ya asubuhi yalikuwa yakipungua karibu lita nzima, na mimi nikaanza kumshuku kijana wetu wa kazi. Mama watoto alinikataza nisiseme neno. Akaamka saa tisa usiku siku mbili mfululizo, akaketi gizani na blanketi, akamkamata mwivi: ndama, aliyekuwa amejifunza kuilegeza kamba yake, kunyonya, na kurudi mahali pake kama mtakatifu. Tangu siku hiyo humwita mama watoto Bwana Msa, naye hakatai.

Laiti nami ningalitazama vilivyo mbele ya macho yangu.

Kitabu cha tatu ni Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora, mwana wa sehemu zetu hizi, aliyefariki mwaka 2020. Wengi wenu mwakijua kwa sababu kilitahiniwa katika shule zetu za sekondari miaka ya nyuma. Nakala tuliyosoma ni ya binti yangu, naye aliijaza maandishi ya penseli pembeni kwa ajili ya mtihani. Ni jambo la kuchekesha kusoma riwaya iliyokwisha kuhukumiwa na mwanafunzi. Kila ukurasa watu wamepangwa: huyu mwema, huyu mnafiki, huyu mlevi. Karibu na jina la Mtemi Nasaba Bora binti yangu aliandika: "Katili. Mbinafsi. Mnyang'anyi, mfano hati za mashamba."

Humo kijana Amani, mchunga ng'ombe wa Mtemi, ni mtu aliyesoma na mwandishi ambaye mswada wake uliibwa na mwingine akajipatia sifa kwao. Na Mtemi mwenyewe ni mtu wa majivuno makubwa aliyejitwalia ardhi ya watu kwa hati za kughushi. Maoni yangu ni kwamba mwandishi huyu ni fundi wa methali na wa mambo ya kuchekesha, lakini wakati mwingine hakubali sentensi ipite bila kuvikwa pambo, hata ikawa kama bibi arusi ambaye uso hauonekani kwa vito. Majina nayo yatuambia mengi mno. Mtu akiitwa Majisifu, msomaji atatazamia nini kwake? Hata hivyo habari ya ardhi imeandikwa kwa uchungu wa mtu aijuaye nchi yake.

Nilisoma sehemu ile ya hati kwa sauti kubwa, maana naipenda hasira ya namna hiyo. Nilipotua, nikaona mikono ya mama watoto imesimama ndani ya ungo.

Akaniuliza, "Baba watoto, hati ya shamba letu hili ina jina la nani?"

Nikajibu, "La baba."

"Na baba alifariki lini?"

"Mwaka 1998."

"Na kile kipande cha mtoni ni cha nani?"

Nikasema ni cha nyumba ya mdogo wangu, kama ajuavyo.

"Sasa wewe umempa kijana kwa hati gani?"

Nikapandwa na ghadhabu. Nikamwuliza kama ananilinganisha mimi, mume wake, na Mtemi Nasaba Bora. Akaanza tena kuchambua maharagwe. "Sikulinganisha kitu," alisema. "Wewe ndiwe uliyesoma. Mimi nilikuwa hapa na ungo wangu."

Yafaa niwaeleze jambo hili, maana najua kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu limelala namna ile ile. Baba yangu aligawiwa ekari 15 katika mpango wa makazi mwaka 1965, baada ya Uhuru, akalipa mkopo wa ardhi mpaka akaumaliza, akapewa hati. Kabla ya kufa alituita sisi wana watatu chini ya mparachichi, akatuonyesha kwa fimbo: huyu hapa, huyu pale, huyu kule mtoni. Dada zangu wawili walikuwa wamekwisha kuolewa na hawakuitwa. Hakuna kilichoandikwa. Baada ya mazishi kila mtu alilima mahali alipoonyeshwa, na kwa kuwa hatukugombana, tulijiona watu wenye akili. Mdogo wangu alifariki mwaka 2019, akaacha mjane na mabinti wawili. Mjane hulima ekari moja ya mtoni, na mbili humkodishia mtu kwa msimu, na kodi hiyo ndiyo karo ya watoto.

Na mimi je, niliwaza nini nilipompa kijana wangu kipande kile kwa simu? Nitasema kweli, ingawa ni aibu. Niliwaza kwamba mabinti wataolewa. Niliwaza kwamba mama yao ni mwanamke wa peke yake na hataweza kutia pampu. Niliwaza kwamba ardhi ya baba yangu haifai kukodishwa na mgeni wakati mjukuu wake aitaka. Mawazo haya yote yalipita kwa dakika moja, yakiwa yamevaa nguo safi, nami sikuyauliza yatoka wapi. Kumbukeni tena kwamba nilikuwa karani miaka 31. Majalada ya mirathi yamepita mezani pangu kwa mamia. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981, nimeipiga chapa mwenyewe vifungu kwa vifungu, nami najua kwamba humo mtoto wa kiume na mtoto wa kike hawatofautishwi, aliyeolewa na asiyeolewa, na kwamba mjane ana haki yake. Niliyajua hayo kwa ajili ya majalada ya watu wengine.

Usiku ule sikulala vema. Kesho yake, baada ya kukamua, nikaenda mtoni.

Nilimkuta shemeji yangu akipalilia. Alinikaribisha nyumbani akawasha moto wa chai. Nilipoingia niliona mbuzi wawili hawapo katika zizi ambamo mimi huwaona siku zote. Nikauliza. Akasema amewauza Jumanne ili apate karo ya muhula ujao, kwa sababu amekwisha kumwambia yule mwenye kukodi atafute shamba mahali pengine. Kijana wangu, ambaye tulimlea awe na adabu, alikuwa amempigia simu mama yake mdogo kumpa habari njema kwamba anarudi na kwamba baba amemwonyesha mahali pa kulima. Naye alimjibu, "Haya, mwanangu, karibu nyumbani."

Nikamwuliza kwa nini hakuja kwangu kuuliza. Alisema, bila hasira yoyote, "Shemeji, ningeuliza nini? Ardhi ni ya kwenu."

Ningependa kuwaambia kwamba nilitoa hotuba nzuri. Sikutoa. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, kisha nikasema kwamba nimekosa, na kwamba kile kipande ni chake na watoto wake, na kwamba aliyekodi arudi. Hakunijibu upesi. Alimwaga ile chai iliyopoa akanimiminia nyingine. Baadaye alisema maneno ni mazuri, lakini hata baba mkwe alisema maneno mazuri chini ya mparachichi. Ndipo nilipoelewa kwamba mwanamke huyu hakutaka moyo wangu mwema. Alitaka karatasi.

Juma lililofuata kijana alikuja kwa siku tatu, maana nilimwambia kwa simu aje kabla hajaandika barua yoyote kwa wakubwa wake. Ndiye aliyetusomea kitabu cha nne, Kuli cha Adam Shafi wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1979, kwa sababu koo langu lilikuwa limekauka. Kitabu hiki ni kinyume kabisa cha Utubora Mkulima. Hakuna aliyejichagulia kazi humo. Rashidi ni mtoto wa mchukuzi wa bandarini; baba yake aliangamia kwa kazi hiyo, naye mwana, kwa kuwa hana njia nyingine, aenda kubeba mizigo mahali pale pale. Humo mna habari ya mgomo mkuu wa Unguja wa mwaka 1948, ambao ni jambo la kweli katika tarikhi. Nakisifu kwa jinsi kinavyomfanya msomaji ausikie uzito wa gunia mabegani. Lugha yake ni ya watu wa mjini wa Unguja, kavu na ya kweli, wala haina mawaidha mengi, ingawa kuelekea mwisho naona wahusika wazungumza mara nyingine kama watu walio jukwaani.

Kijana alipofunga kitabu alikaa kimya, kisha akasema, "Baba, mimi nilidhani taabu zangu za Nairobi ni za Rashidi. Si za Rashidi. Mimi nina mahali pa kurudi. Lakini ikiwa mahali hapo ni pa mama mdogo, basi sina." Alikuwa amepita kwake mchana ule, peke yake, bila kutuambia. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba alirudi na matope mpaka magotini na kwamba palizi ya ile ekari moja ilikuwa imekwisha.

Hapo nikafanya jambo nililolikwepa miaka mingi. Nikamletea daftari langu la hesabu za shamba, nikaliweka mahali alipokuwa ameweka Kuli. Alilisoma mpaka saa nne za usiku. Humo aliona kwamba katika misimu mitano, mahindi yangu yaliniletea faida misimu miwili, yakanipa hasara miwili, na mmoja yalirudisha fedha yake bila senti moja juu. Aliona kwamba kilichotulisha ni maziwa ya mama yake, na kwamba mbolea ya kila mwaka imenunuliwa kwa pensheni yangu. Yaani karani aliyestaafu ndiye amlishaye mkulima, nao wote wawili ni mimi.

Akaniuliza, "Mbona haya hukuyaandika katika gazeti? Mimi husoma ukurasa wako kila juma. Huandika kuhusu mvua, na kuhusu vitabu, na jinsi mahindi yanavyopendeza asubuhi."

Sikuwa na jibu. Hiyo ndiyo sababu leo mwaona hesabu za nyumba yangu mahali ambapo mlitazamia habari za riwaya tu. Niliposema kwamba Shaaban Robert aliliona shamba kupitia dirishani, nilikuwa namlaumu kwa kosa ambalo mimi nimelifanya mbele yenu kwa miaka, nami sina udhuru wake, kwa maana yeye alisema waziwazi kwamba anatunga hadithi.

Kwa wale ambao hati zao zingali na majina ya marehemu, nitaeleza tulivyoanza, huenda ikawafaa. Tulitafuta kwanza cheti cha kifo cha baba. Kisha tukaenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi ili tujue hati ina jina gani na kama kuna deni au zuio juu yake. Kisha chifu hutoa barua inayotaja warithi wote walio hai. Hapa pana neno: wote. Chifu aliniuliza kama baba yangu hakuwa na mabinti. Nikawataja dada zangu kwa sauti ndogo, akaniambia nirudie kwa sauti ya mtu mzima. Mambo hayo yakitimia, maombi hupelekwa mahakamani, na tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi alilete katika siku 30. Halafu wasimamizi wa mirathi huteuliwa, na kwa kawaida miezi sita hupita kabla mahakama haijauthibitisha mgawanyo. Ni safari ndefu kwa jambo ambalo baba alilimaliza kwa fimbo nusu saa, na gharama zake si haba. Msiingoje mpaka warithi wawe wajukuu.

Mpaka leo hatujafika mbali. Dada yangu mmoja amefurahi kuandikwa, na amesema hataki ardhi bali anataka kuulizwa. Dada wa pili aitaka, na ana haki, nami bado sijui itatoka wapi. Kaka yangu mkubwa hapokei simu yangu tangu nilipomtajia mahakama. Kijana amerudi Nairobi kazini. Hakuandika ile barua, wala hakusema hataiandika. Amekodi nusu ekari kwa jirani yetu, kwa mkataba ulioandikwa, apande kabeji msimu ujao kwa kuja mwisho wa juma, na amenunua daftari lake mwenyewe.

Mtu wa kukodi amerudi mtoni. Mbuzi hawakurudi, kwa sababu aliyewanunua alikwisha kuwachinja, na fedha yao iko kwangu kama deni, nami nitailipa maziwa ya mwezi huu yakilipwa.

Nakala yangu ya pili ya Utubora Mkulima ameiazima binti mkubwa wa shemeji, aliye kidato cha pili. Niliandika jina lake na tarehe katika jalada la ndani, kama alivyokuwa akifanya baba. Juma lijalo tutaanza Siku Njema, ambayo mama watoto ameichagua kwa kuwa amesikia kwamba kijana wa hadithi hiyo atoka Tanga akaja mpaka sehemu zetu za Kitale kumtafuta baba yake, naye ataka kujua kama mwandishi aliipata njia sawasawa.